Usimtilie Simba sumu, kansa yake inatibika

Mwezi huu nimepokea barua tatu, kutoka Muheza, Mbezi na Usa River, na zote zinauliza habari ya mbwa mwenye kansa. Nimezipanga pamoja kwa sababu. Katika miaka yangu 23 ya kutibu wanyama hapa Morogoro, nimeona mbwa wengi wakiuawa na neno kansa kabla kansa yenyewe haijawafanya kitu. Mtu akishalisikia neno hilo anakata tamaa papo hapo, wala hamuulizi daktari swali linalofuata: kansa gani? Someni barua hizi, mtaona majibu yanavyopishana.

Barua ya kwanza: Anadondosha damu, baba mdogo anataka kumpa sumu

Daktari, shikamoo. Mimi ni kijana wa Muheza, mkoa wa Tanga. Nina mbwa dume anaitwa Simba, ana miaka minne, analinda shamba letu la machungwa. Tangu mwezi wa Ramadhani anadondosha matone ya damu sehemu za siri. Bwana mifugo alimchoma sindano za antibayotiki siku tatu mfululizo, damu haikukata. Juzi alipokuwa anajilamba niliona kinyama chekundu kimetokeza kama koliflawa. Bwana mifugo akasema hiyo kansa, hapo hamna tena mbwa. Baba mdogo anasema tumtilie dawa ya panya kwenye dagaa kabla hajawaambukiza watoto. Mimi roho inaniuma, huyu mbwa nimemlea toka hajafumbua macho. Je, kweli hana tiba? Inaambukiza watu? Na sisi ni Waislamu, nitamhudumia vipi mbwa anayevuja damu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwanza mwambie baba mdogo aiweke mbali hiyo dawa ya panya. Nyingi ya dawa hizo zinaua kwa kuzuia damu isigande. Mbwa akila anavujia damu ndani kwa ndani siku mbili, tatu, hata zaidi, analegea na kuhema mpaka anakata roho. Hata kama Simba angekuwa hana tiba, hiyo si njia ya kumuaga, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo kwa ajili ya kuzuia mateso ya namna hiyo.

Sasa tuje kwenye habari njema. Sijamshika Simba kwa mikono yangu, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini ukiniambia dume asiyehasiwa, anayezurura usiku, anayedondosha damu wiki baada ya wiki, na mwenye kinyama kama koliflawa, kitu cha kwanza kinachonijia ni uvimbe wa kuambukizwa kwa kupandana. Sisi madaktari tunaufupisha TVT. Hapa kwangu ndiyo kansa ya mbwa ninayoiona kuliko zote, na ndiyo ninayofurahi kuitibu, kwa sababu mbwa walio wengi wanapona kabisa.

Antibayotiki hazikusaidia kwa kuwa hapakuwa na cha kuzifanya zisaidie. Damu ya matone kwa dume watu huidhania ugonjwa wa kibofu, kwa jike huidhania joto, yaani siku zake za kutaka dume. Na uvimbe wenyewe unajificha. Kwa dume hukaa nyuma kabisa, kwenye shina la uume, na huuoni mpaka uirudishe ngozi nyuma taratibu ukiwa na mwanga wa kutosha. Niliwahi kuletewa dume aliyetibiwa kibofu miezi saba. Hakuna aliyekuwa amemgeuza chali akatazama. Wengine hupata uvimbe huu puani, kwa kunusana na kulambana, na mwenye mbwa anakuja kulalamika kwamba anatokwa damu ya pua upande mmoja.

Kipimo chake hakihitaji mashine kubwa. Daktari anakigandamiza kipande cha kioo juu ya kile kinyama, anakipaka rangi, anakitazama kwenye darubini. Seli za TVT ni za duara na ndani yake zina vitundu vyeupe vilivyojipanga kama matone ya maji kwenye jani la mgomba. Ukishaziona mara moja huzisahau. Kidai kipimo hiki. Usikubali Simba aanzishiwe dawa ya kansa kwa kutazamwa kwa macho tu.

Kuna jambo kuhusu uvimbe huu ambalo kila nikilieleza watu hunitazama kama nawadanganya. Kansa nyingine zote unazozijua, seli za mgonjwa mwenyewe ndizo zinazoasi. Hii sivyo. Hii ni seli za mbwa mwingine. Seli ya kawaida ya mbwa ina kromosomu 78, lakini seli ya TVT ina kati ya 57 na 59, iwe mbwa huyo ni wa Muheza au wa Brazili. Watafiti waliolinganisha vinasaba vya uvimbe 546 kutoka nchi 43 walitangaza mwaka 2019 kwamba zote zinatokana na mbwa mmoja aliyeishi Asia, kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Mbwa huyo alikufa zamani, lakini seli zake zimekuwa zikihama kutoka mwili hadi mwili mpaka zimefika kwenye shamba lenu. Nakueleza haya ili uelewe kitu kimoja cha maana: Simba kaambukizwa na jike fulani hapo kijijini, na huenda naye ameshawaambukiza wengine. Ulizia kwa majirani. Jike anayedondosha damu nje ya wakati wake naye atazamwe, la sivyo utamtibu Simba na mwakani atarudi na ugonjwa ule ule.

Watoto wenu hawawezi kuupata. Seli hizo haziishi ndani ya mwili wa binadamu.

Dawa inaitwa vinkristini. Inatoka kwenye ua ambalo naamini unalifahamu. Asili yake ni Madagaska, lakini pwani yetu yote limeota, kwenye nyua na kando ya njia za mchanga: petali tano, za waridi au nyeupe zenye kidoa katikati, majani ya kijani yanayong'aa, jua kali haliliui. Tafadhali usichume majani ukachemsha. Ua lile ni sumu, na viwanda hukamua dawa kidogo sana kutoka kwenye shehena kubwa ya majani. Ni dawa ile ile wanayopewa watoto wenye kansa ya damu, na wale wenye uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza akiwa Uganda mwaka 1958. Ndiyo maana usiitafute kwenye duka la pembejeo. Daktari huiagiza duka kubwa la dawa za binadamu, na inapaswa kukaa kwenye friji.

Ni kichupa kidogo, kama kidole gumba, miligramu moja ndani ya mililita moja. Mbwa wa kilo 20 hupewa karibu nusu yake, mara moja kwa wiki, ndani ya mshipa wa damu. Kwa kawaida ni wiki nne hadi sita, wengine huvuka hapo. Damu ndiyo hukata kwanza, mara nyingi baada ya sindano ya kwanza au ya pili, halafu kinyama kinasinyaa. Hapo ndipo watu wanapokosea. Wakiona damu imekata hawarudi. Seli zilizobaki zinaota tena, na safari hii dawa inaweza isizishinde. Kwa hiyo kabla hujaanza, muulize daktari gharama ya sindano zote sita, uone kama familia itaimudu mpaka mwisho.

Usiruhusu mtu yeyote amchome sindano hii chini ya ngozi au kwenye msuli kama anavyochoma chanjo. Vinkristini ikivuja nje ya mshipa nyama inaoza. Mimi humwekea mbwa kanyula, yaani kimrija cha plastiki kinachokaa ndani ya mshipa, mguu wa mbele, napitisha kwanza maji ya chumvi ya dripu nikihakikisha hayavimbishi ngozi, ndipo natia dawa, halafu namsukumia maji tena. Kama Simba ni mkali afungwe mdomo na ashikwe na wewe, si na mtu asiyemjua. Na kila wiki kabla ya sindano apimwe damu, kwa sababu dawa hii hushusha seli nyeupe, na zikishuka mno sindano huahirishwa wiki moja.

Siku mbili tatu baada ya sindano anaweza kukataa chakula, kutapika mara moja mbili au kukosa choo. Mpikie uji mzito wa dona, uchanganye na dagaa uliowaosha mchanga na chumvi, umpe ungali vuguvugu, maana harufu ndiyo inayomwita mbwa mgonjwa. Yai la kuchemsha ni zuri. Kitunguu usitie, kinaharibu damu ya mbwa. Akichemka mwili na kulala tu, hasa siku ya tano hadi ya saba, usisubiri kesho, mrudishe kwa daktari.

Kuhusu dini, mimi si sheikh. Mambo ya najisi na kuosha mara saba na udongo muulize sheikh wako, atakueleza vizuri kuliko mimi. La upande wangu ni kwamba mkojo, kinyesi na matapishi ya mbwa aliyechomwa dawa hii vina mabaki ya dawa kwa siku kadhaa, kwa hiyo Mwislamu na asiye Mwislamu wote wanapaswa kuvaa glavu. Nunua pakiti ya glavu duka la dawa, mfunge Simba sehemu moja yenye udongo siku hizo, fukia kinyesi. Mama mjamzito, anayenyonyesha, na watoto wasiguse. Nimetibu mbwa wa walinzi wa misikiti na mbwa wa mashamba ya masheikh, na kila mara nilipouliza nilikumbushwa hadithi ya yule aliyemteremkia mbwa mwenye kiu kisimani akampandishia maji kwa kiatu chake, na Mwenyezi Mungu akamsamehe.

Akishapona ahasiwe. Hatapunguza ulinzi hata kidogo, ila usiku atabaki shambani.

Barua ya pili: Uvimbe kama punje ya haragwe

Daktari habari za kazi. Mbwa wangu jike, Popi, ana miaka minane. Nimeshika kitu kama punje ya haragwe karibu na chuchu ya mwisho. Nimeambiwa nisikiguse, kansa ikiguswa inasambaa. Hajawahi kufungwa kizazi, huwa anachomwa sindano ya kuzuia uzazi kila baada ya miezi mitatu. Nisubiri nione kama kitakua? Msomaji wa Mbezi, Dar es Salaam.

Jibu: Dada, usisubiri. Neno hili la kuguswa limenizikia wagonjwa wengi. Kansa ya matiti haisambai kwa kuguswa na daktari, inasambaa kwa kuachwa. Kwa majike, takribani nusu ya uvimbe wa matiti ni kansa na nusu nyingine si kansa, na kwa kidole huwezi kuzitofautisha. Ninachojua ni kwamba iliyoondolewa ikiwa chini ya sentimita tatu ina matumaini makubwa kuliko iliyoondolewa ikiwa kama chungwa. Haragwe la Popi ni zawadi, umelishika mapema.

Leo jioni mlaze chali umkune tumbo, kisha pitisha vidole kwenye chuchu zake zote, kwa kawaida ni kumi, tano kila upande. Hesabu kila kitu unachokishika, andika. Kesho mpeleke. Apigwe eksirei ya kifua kwanza, kwa sababu kama imeshafika mapafuni hakuna maana ya kumpasua. Kama kifua ni safi, uvimbe unaondolewa na kipande kinapelekwa maabara. Hiki kipande watu hukikataa ili kupunguza gharama. Ningekuwa wewe ningelipia hicho kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu ndicho kinachojibu lile swali langu la kansa gani.

Sindano ya kuzuia uzazi iache kuanzia sasa. Naomba kila msomaji mwenye jike anisikie hapa. Homoni ile inachochea uvimbe wa matiti na usaha kwenye mji wa mimba. Kumfunga kizazi mapema, kabla ya joto la kwanza au la pili, ndiko kunakokinga matiti. Kwa Popi faida hiyo imeshapita, ila daktari anaweza kukiondoa kizazi siku hiyo hiyo ya upasuaji akaepushwa na usaha.

Niongeze kwa wale ambao mbwa wao wameshachelewa na uvimbe umepasuka. Adui wenu wa kwanza ni inzi. Juani, kidonda kikikaa wazi mchana mmoja tu inzi hutaga, na baada ya siku moja mbili unaona nyama inatikisika kwa funza. Osha mara mbili kwa siku na maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Kausha kwa kugusagusa, usisugue. Mvalishe fulana ya pamba ya mtoto, miguu ya mbele ipite mikononi, halafu ikunjwe na kufungwa fundo juu ya mgongo, ibadilishwe ikilowa. Alale ndani au kwenye chandarua. Oili chafu ya gari, petroli na unga wa betri visikaribie kidonda. Nimevikuta vyote vitatu kwenye vidonda vya mbwa, na mbwa alilia zaidi kwa tiba kuliko kwa ugonjwa.

Barua ya tatu: Nitajuaje siku imefika?

Daktari, mimi ni baba wa watoto watatu, Usa River, Arusha. Mbwa wetu Bosi, chotara wa German Shepherd, miaka tisa, alianza kuchechemea mguu wa mbele. Juu kidogo ya kifundo kumevimba na kuna moto. Eksirei imeonyesha kansa ya mfupa. Daktari ameshauri akatwe mguu. Mke wangu anasema huo ni ukatili, tumwache afe na miguu yake minne. Nimekuwa nikimpa diklofenaki yangu ya mgongo. Nifanye nini? Na kama hatapona, nitajuaje kwamba siku imefika?

Jibu: Pole sana, kaka. Kwanza iache diklofenaki leo hii, na ibuprofeni na panadoli zisichukue nafasi yake. Diklofenaki inatoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Akijisaidia choo cheusi kama lami, au akitapika kitu kama unga wa kahawa, muwahishe. Akipita salama siku kadhaa bila dawa hiyo, daktari anaweza kumwanzishia dawa za maumivu: meloksikamu ya kupimwa kwa uzito wake pamoja na gabapentini. Angalia dozi: mbwa wa kilo 30 anahitaji kama miligramu tatu za meloksikamu kwa siku, na kidonge cha binadamu kinakuja na 7.5 au 15. Apewe baada ya kula.

Sasa nitakwambia kwa ukweli, kwa sababu umeniuliza kwa ukweli. Kansa hii si kama ya Simba. Zaidi ya mbwa tisa katika kumi, siku inapogunduliwa kwenye mguu, mbegu zake zimeshafika mbali hata kama eksirei ya kifua haijaonyesha kitu. Wakikatwa mguu peke yake, nusu ya mbwa hufikisha miezi minne au mitano. Wakiongezewa dawa ya kansa kama kabopulatini nusu hukaribia mwaka. Kwa hiyo mguu haukatwi ili Bosi apone. Unakatwa ili uchungu uondoke. Mfupa ulioliwa unauma usiku na mchana, dawa haziutulizi wote, na siku yoyote akiruka ngazi unaweza kuvunjika.

Mwambie shemeji nilikuwa na mawazo kama yake. Mbwa wangu Chui, madoadoa mwili mzima, alianza kuchechemea masika ya mwaka fulani tukiwa Kihonda. Nikasema kateleza kwenye mtaro. Mimi, daktari, nilimpa dawa ya maumivu wiki mbili bila eksirei, kwa kuwa alikuwa wa kwangu na sikutaka kufikiria. Wiki ya tatu nilikuwa namfuta matope, kidole gumba kikagota kwenye nundu ngumu, ya moto, juu ya kifundo, na Chui ambaye hakuwahi kuninyooshea jino akageuza kichwa akaushika mkono wangu mdomoni, bila kuuma. Aliushika tu. Eksirei ilionyesha mfupa kama boriti iliyoliwa na mchwa.

Tulimkata mguu. Siku ya pili alisimama. Siku ya nne alikwenda mwenyewe mpaka langoni kumpokea muuza maziwa, na usiku huo kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alilala bila kunung'unika. Mbwa hahesabu miguu yake. Ila kabla hujakubali, hakikisha mambo matatu: kifua kipigwe eksirei, miguu mingine na nyonga viwe vizima, na asiwe mnene, kwa sababu mguu wa mbele uliobaki utabeba mzigo mkubwa. Kama kimojawapo hakiko sawa, basi mke wako yuko sahihi na dawa za maumivu zitafanya kazi peke yake kwa muda utakaokuwepo. Hamtakuwa mmemkosea.

Nyumbani tandika magunia au mkeka juu ya sakafu ya vigae, asiteleze. Bakuli la maji liinuliwe juu ya tofali. Mpunguzie ugali, mwongezee nyama, mayai, maini kidogo, mafuta yake yakiwa humo. Akiwa amelala usingizi hasa, hesabu anavyopumua kwa dakika moja, andika. Zikizidi 30 siku baada ya siku, kifua kimeshafikiwa.

Kuhusu siku yenyewe. Usiisubiri ikuambie, maana mbwa huficha maumivu. Andika sasa hivi, Bosi akiwa bado na nguvu, vitu vitatu anavyovipenda kuliko vyote. Vya Chui vilikuwa kumpokea muuza maziwa, kubwekea pikipiki, na kulala chini ya mwembe. Nilibandika kalenda jikoni, kila jioni binti yangu anatia alama: amefanya vingapi leo. Mwezi wa tano tangu akatwe mguu, pikipiki zilipita akazitazama tu. Wiki mbili baadaye muuza maziwa alipiga hodi, Chui akainua masikio, hakuinuka. Siku nne mfululizo ukabaki mwembe peke yake, na siku ya tano hata pale alikuwa anahema kwa mdomo kukiwa na ubaridi. Sikungoja ya sita.

Mwite daktari aje nyumbani, asiende kufia kwenye meza ya chuma. Atamwekea kanyula, atampa kwanza dawa ya kumtuliza, kisha dawa ya usingizi kwa wingi. Hapo kati kuna muda wa dakika chache ambao Bosi atakuwa amelegea lakini bado anakusikia. Utumie. Pumzi ikishakata, misuli inaweza kutikisika au akavuta hewa mara moja. Si kwamba amezinduka. Nakwambia mapema ili usishtuke.

Watoto waambieni kwamba Bosi anakufa. Sisi wakubwa tunasema kumlaza, lakini mtoto wa miaka mitano akisikia mbwa amelazwa na hakuamka, usiku huo naye ataogopa kulala. Anayetaka kuwepo awepo, asiyetaka asilazimishwe. Kaburi lichimbwe mapema, lifike kifuani mwa mtu mzima, maana dawa ile inabaki mwilini, na mbwa mwingine au fisi akifukua akala atakufa. Waache watoto wachague mahali. Binti yangu alichagua langoni, upande anaotokea muuza maziwa.